Maswali na Majibu: Kupinga Uamuzi wa Fidia ya Ulemavu kwa Wanajeshi Wastaafu

Barua nyingi zilizoufikia ukurasa huu zimetoka kwa familia za Nakuru, Kisumu na Magharibi ambazo wana wao walihamia Marekani, wakajiunga na jeshi la huko, na sasa wamerejea nyumbani wakiwa na majeraha na barua ya uamuzi wasiyokubaliana nayo. Nimechagua nne za aina hiyo, pamoja na moja ya askari wa jeshi letu wenyewe, kwa kuwa wasomaji kadhaa wamezichanganya taratibu za nchi hizi mbili.

SWALI: Nilihudumu katika jeshi la nchi kavu la Marekani, nikatumwa Kuwait na baadaye Afghanistan, ambako gari letu la msafara liliingia shimoni nikaumia goti la kulia na mgongo. Sasa nimerudi nyumbani na ninafuga ng'ombe wa maziwa. Nilipoomba fidia, mlio wa masikio ulikubaliwa kwa asilimia 10, goti likapewa asilimia 10, lakini mgongo ukakataliwa kwa maelezo kwamba hakuna uthibitisho kuwa unahusiana na utumishi wangu. Miezi minane imepita tangu barua hiyo iandikwe. Je, kuishi Kenya kunaninyima haki ya kukata rufaa? Na kama nina haki, nifuate njia gani?
Mfugaji, Bahati, Nakuru

JIBU: Ndugu mfugaji, kuishi Kenya hakukupunguzii haki yoyote katika jambo hili. Fidia ya ulemavu uliotokana na utumishi hulipwa kwa mwanajeshi mstaafu popote anapoishi, awe raia wa Marekani au asiwe, na haki ya kuupinga uamuzi huenda naye vivyo hivyo. Kinachoweza kukuponyoka ni muda. Umepewa mwaka mmoja unaohesabiwa kuanzia tarehe iliyoandikwa kwenye barua ya uamuzi, hata kama barua yenyewe ilikufikia Bahati wiki nyingi baadaye, na kwa hiyo umebakiwa na miezi minne. Ukichukua hatua ndani ya muda huo na hatimaye ukashinda, malipo yanaweza kuhesabiwa kurudi nyuma hadi tarehe ya dai lako la kwanza. Ukichelewa, mlango haufungwi kabisa, kwa sababu bado unaweza kuwasilisha dai la nyongeza, ila kwa kawaida malipo yataanza kuhesabiwa tangu tarehe ya dai hilo jipya na utakuwa umepoteza fedha za muda wote uliotangulia.

Kabla ya kuchagua njia, isome tena barua yako, hasa sehemu inayoeleza sababu za uamuzi. Nalisisitiza jambo hili kwa sababu wasomaji wengi hunieleza kwa urefu jinsi walivyoumia, ilhali Idara ya Wanajeshi Wastaafu ya Marekani, ambayo wengi wenu mnaiita VA, haikukataa kwamba waliumia. Ili dai likubaliwe, ni lazima mambo matatu yathibitishwe: kwamba una maradhi au jeraha kwa sasa, kwamba kulitokea tukio, jeraha au ugonjwa ulipokuwa jeshini, na kwamba hili la sasa limetokana na lile la wakati ule. Wewe umekwama kwenye jambo la tatu. Ukituma picha nyingine kumi za eksirei zinazoonyesha pingili zilizolika, utakuwa umelithibitisha tena jambo la kwanza, ambalo hakuna aliyelipinga, na jibu litakalorudi litakuwa lile lile.

Sheria iliyotiwa sahihi Agosti 2017 na kuanza kutumika tarehe 19 Februari 2019 imefungua njia tatu. Ya kwanza ni dai la nyongeza, linalowasilishwa kwa fomu 20-0995, nalo ni la mtu aliye na ushahidi mpya unaogusa hoja iliyomkwamisha. Ya pili ni mapitio ya afisa wa ngazi ya juu, kwa fomu 20-0996, ambapo afisa mwingine mwenye uzoefu zaidi huliangalia faili upya jinsi lilivyokuwa siku ya uamuzi. Hapo huruhusiwi kuongeza hata karatasi moja, ingawa unaweza kuomba mazungumzo ya simu ili wewe au mwakilishi wako mwonyeshe kosa lilipo. Ya tatu ni rufaa kwa Bodi ya Rufaa za Wanajeshi Wastaafu iliyoko Washington, kwa fomu 10182, ambako jaji huamua kwa kulitazama faili lilivyo, au baada ya kupokea ushahidi mpya ndani ya siku 90, au baada ya kukusikiliza. Unaweza kusikilizwa kwa njia ya video, nawe ukumbuke kwamba saa nne asubuhi ya Washington ni saa kumi na moja au saa kumi na mbili jioni ya Nakuru, kutegemea majira ya mwaka. Njia mbili za kwanza zimewekewa lengo la wastani wa siku 125, ilhali ya Bodi huchukua mwaka mmoja au zaidi.

Si lazima mambo yote yaliyomo katika barua moja yapite njia moja. Kwa mgongo, naona njia inayokufaa ni dai la nyongeza, kwa kuwa unachokosa ni ushahidi. Kwa goti, tafuta kwanza ripoti ya uchunguzi uliofanyiwa, na kama huna, omba nakala ya faili lako. Kiwango cha goti hutegemea kwa sehemu kubwa digrii ambazo linaweza kukunjika: likikomea digrii 45 hupewa asilimia 10, likikomea 30 hupewa asilimia 20, na likikomea 15 hupewa asilimia 30. Angalia kama mpimaji aliandika maumivu yanaanzia wapi, na kama alikuuliza hali huwaje siku ambazo goti limevimba na huwezi kuchuchumaa kukamua. Ikiwa yeye aliandika kwamba goti linakomea digrii 30 na mwamuzi akakupa asilimia 10, kosa liko ndani ya faili na afisa wa ngazi ya juu anaweza kulirekebisha. Ikiwa upimaji wenyewe ulikuwa wa juu juu, basi pata vipimo vipya vya daktari wa mifupa na goti nalo uliunganishe na dai la nyongeza.

Sasa nije kwenye barua ya daktari, maana hapo ndipo madai mengi ya wenzetu waliorejea huanguka. Hapa kwetu mgonjwa wa nje huandikiwa katika kijitabu anachokwenda nacho hospitalini: tarehe, maneno mawili matatu kama "maumivu ya mgongo", jina la dawa, sahihi isiyosomeka na muhuri wa rangi ya zambarau. Kijitabu hicho kinaonyesha kwamba ulitibiwa, na ukitunze, lakini hakisemi neno lolote kuhusu chanzo cha maradhi. Unachohitaji ni barua iliyoandikwa kwenye karatasi rasmi ya hospitali, yenye jina kamili la daktari, taaluma yake na nambari yake ya usajili, inayosema kwamba amezisoma rekodi zako za matibabu ya jeshini na kwamba anafahamu gari lilivyoingia shimoni. Kisha atoe maoni yake kwa kipimo ambacho sheria inakitambua, yaani kwamba kuna uwezekano wa angalau nusu kwa nusu kwamba maradhi haya ya mgongo yalitokana na ajali ile, na aeleze kitabibu kwa nini anafikiri hivyo. Madaktari wetu, kwa uangalifu mwema wa taaluma yao, hupenda kuandika "huenda" au "inawezekana", na maneno hayo huchukuliwa kuwa ni ya kubahatisha tu. Mweleze daktari kwamba haombwi kuapa kuwa ana uhakika. Ushahidi wa pande mbili ukilingana uzito, sheria humpa mwanajeshi faida ya shaka.

Ongeza maelezo ya mtu aliyekuwa nawe siku ya ajali, na ya mkeo anayeona unavyoamka asubuhi, kwa fomu 21-10210. Maelezo yakiandikwa kwa Kiswahili au Kikuyu, ambatisha tafsiri ya Kiingereza ili kuokoa muda. VA ikikuitia uchunguzi mpya, ambao kwa walio nje ya Marekani hupangwa kupitia kampuni yenye kandarasi au kupitia ubalozi, usikose kwenda, na ukipata dharura wajulishe mapema kwa maandishi, kwa sababu dai la asiyefika linaweza kuamuliwa kwa karatasi zilizopo tu.

Kuna mambo mawili ambayo hukuyauliza lakini yanakuhusu. Goti na masikio yako yamekwisha kukubaliwa, hivyo gharama za kuyatibu hapa Nakuru zinaweza kulipwa kupitia mpango wa matibabu wa VA kwa walio nchi za nje, ukijiandikisha na kutunza risiti. Pili, kwa kuwa ulikuwa Kuwait na Afghanistan, ujue kwamba sheria ya tarehe 10 Agosti 2022 kuhusu moshi wa mashimo ya kuchomea taka inayahesabu maradhi kadhaa, ikiwemo pumu iliyogunduliwa baada ya utumishi, kuwa yametokana na utumishi bila mgonjwa kudaiwa uthibitisho wa lile jambo la tatu.

SWALI: Nina asilimia 20 ya goti, 20 ya mgongo na 10 ya masikio. Barua inasema jumla ni 40. Mimi ni mhasibu na najua kujumlisha. Je, nikate rufaa?
Mhasibu, Milimani, Kisumu

JIBU: Kwa hesabu hiyo, hapana, kwa sababu iko sawa jinsi kanuni ilivyoandikwa. Viwango havijumlishwi moja kwa moja. Kila ulemavu hukatwa kutoka kwa uzima uliobaki. Ukianza na mtu mzima wa asilimia 100, ulemavu wa kwanza wa 20 humwacha na 80. Ulemavu wa pili ni asilimia 20 ya hiyo 80, yaani 16, na jumla inakuwa 36. Wa tatu ni asilimia 10 ya 64 iliyobaki, na jumla inafika 42, ambayo hukadiriwa kwenye kumi iliyo karibu zaidi, yaani 40. Ungefika 45 ungepewa 50. Kwa hiyo nguvu zako zielekeze kwenye kiwango cha goti au cha mgongo kimojakimoja, kama unaamini kimoja kilipimwa vibaya. Masikio yaache yalivyo, kwa kuwa asilimia 10 ndicho kiwango cha juu kinachotolewa kwa mlio wa masikio.

Angalia pia kama umeandikisha mke na watoto. Aliye na asilimia 30 au zaidi huongezewa malipo kwa ajili ya wategemezi, na ukiwaandikisha ndani ya mwaka mmoja wa barua ya uamuzi, nyongeza hiyo inaweza kuhesabiwa tangu kiwango chako kilipoanza. Ikiwa mlioana kimila, Sheria ya Ndoa ya 2014 inaitambua ndoa hiyo na inataka isajiliwe; pateni cheti chenu kwa msajili wa ndoa mapema.

SWALI: Kuna mtu hapa kwetu anayejiita wakala wa fidia za VA. Anataka nimtumie fedha kwa simu kabla hajaanza, kisha nimpe nusu ya malipo ya kila mwezi, na anataka nywila ya akaunti yangu ya VA. Anasema Bodi ya Washington ikishanikataa, kama ilivyofanya mwezi uliopita, hakuna pengine pa kwenda isipokuwa kupitia kwake. Nimekata tamaa.
Askari wa zamani, Webuye

JIBU: Usimtumie chochote, wala usimpe nywila hiyo. Aliye na nywila yako anaweza kubadilisha akaunti ya benki ambamo malipo huingia, na nasikitika kusema kwamba watakaoumia zaidi ni wanaokutegemea nyumbani.

Sheria ya Marekani inakataza mtu yeyote kukuandalia na kukuwakilisha katika dai la fidia bila kuidhinishwa na VA, na hakuna anayeruhusiwa kukutoza ada kwa dai la kwanza. Baada ya uamuzi wa kwanza, wakili au wakala aliyeidhinishwa anaweza kukutoza kwa mkataba ulioandikwa na kutiwa sahihi. Ada isiyozidi asilimia 20 ya malimbikizo huchukuliwa kuwa ya haki, na inayozidi theluthi moja huchukuliwa kuwa si ya haki. Nusu ya malipo ya kila mwezi haimo kabisa katika utaratibu huo. Majina ya walioidhinishwa yamo kwenye orodha ambayo VA imeiweka wazi kwenye intaneti, na jina la mtu wako lisipokuwamo, basi hana mamlaka ya kukusemea. Vyama kama vile American Legion, Disabled American Veterans na Veterans of Foreign Wars vina wawakilishi walioidhinishwa ambao hawatozi ada, nao unawateua kwa fomu 21-22.

Lile alilokuambia kuhusu Bodi si kweli. Una siku 120 tangu Bodi ilipotuma uamuzi wake kukata rufaa kwa Mahakama ya Rufaa ya Madai ya Wanajeshi Wastaafu, ambayo ni mahakama huru isiyo chini ya VA. Mwezi mmoja umekwisha, kwa hiyo anza kutafuta wakili wiki hii. Barua ya rufaa isitegemee posta ya kawaida kutoka Webuye, kwa sababu kanuni inayoihesabu tarehe ya muhuri wa posta kuwa ndiyo siku ya kuwasilisha rufaa iliandikwa kwa ajili ya posta ya Marekani; wakili anaweza kuiwasilisha kwa njia ya kielektroniki. Na ikiwa umepata ushahidi ambao Bodi haikuuona, unaweza badala yake kuwasilisha dai la nyongeza ndani ya mwaka mmoja wa uamuzi wa Bodi, na tarehe yako ya awali italindwa.

SWALI: Mume wangu alifariki miezi mitano iliyopita akiwa bado anangoja jibu la rufaa yake. Ndugu zake wanasema rufaa imekufa pamoja naye. Tulioana kimila na tuna watoto wawili.
Mjane, Kakamega

JIBU: Pole sana, mama. Rufaa haikufa. Mjane anaweza kuomba kuchukua nafasi ya marehemu katika dai au rufaa iliyokuwa haijaamuliwa, mradi ombi hilo liwasilishwe ndani ya mwaka mmoja tangu siku ya kifo, kwa fomu 21P-0847. Ukikubaliwa utaendelea pale alipofikia, na unaweza kuleta ushahidi zaidi palipo na nafasi ya kufanya hivyo. Mjane hutangulia watoto katika haki hii, na watoto huwatangulia wazazi waliokuwa wakimtegemea marehemu, kwa hiyo shemeji zako hawana mamlaka ya kuifunga.

Tofauti na hiyo, iko fidia ya wafiwa, ambayo hulipwa ikiwa kifo kilitokana na maradhi yaliyohusiana na utumishi, au ikiwa marehemu alikuwa na kiwango cha asilimia 100 kwa miaka 10 mfululizo kabla ya kufariki. Iombe kwa fomu 21P-534EZ. Chunguza cheti cha kifo: kama mume wako alikuwa na maradhi ya moyo yaliyokubaliwa na VA, na daktari akaandika tu "alishindwa kupumua", mwombe daktari aliyemtibu aandike barua inayoeleza mfuatano wote hadi mauti.

Kuhusu ndoa, VA huitambua iliyo halali kwa sheria ya mahali mlipoishi mlipooana. Kusanya maelezo yenye sahihi ya wazee walioshuhudia mahari, barua ya chifu, na vyeti vya kuzaliwa vya watoto vyenye jina la baba. Miezi saba iliyobaki inatosha, ukianza sasa.

SWALI: Nilikuwa sajini katika Jeshi la Kenya. Nilijeruhiwa mguu Somalia na bodi ya madaktari ikaniondoa jeshini. Kiwango cha ulemavu nilichopewa ni kidogo mno, na nimejibiwa kwa mdomo tu kwamba uamuzi ni wa mwisho. Rafiki yangu aliyehudumu Marekani anasema nina mwaka mmoja wa kukata rufaa, na kwamba nitafute fomu 10182.
Sajini, Bungoma

JIBU: Afande, mwaka huo na fomu hiyo ni vya sheria ya Marekani na havikuhusu. Malipo yako yanaongozwa na sheria za Kenya, zikiwemo Sheria ya Majeshi ya Ulinzi ya 2012 na kanuni zake za pensheni, na Sheria ya Wanajeshi Wastaafu ya 2022.

Jibu la mdomo usilikubali. Kifungu cha 47 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kutendewa na ofisi za umma kwa haraka, kwa mujibu wa sheria na kwa utaratibu wa haki, na anayeathiriwa na uamuzi ana haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Andika barua ukiomba sababu hizo, ukitaja nambari yako ya utumishi, tarehe ya kujeruhiwa na tarehe ya bodi, na katika barua hiyo hiyo ukiomba nakala ya ripoti ya bodi na rekodi zako za matibabu chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, ambayo inaitaka ofisi ikujibu ndani ya siku 21. Usipojibiwa, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ambayo ina ofisi Kisumu, kwa hiyo huhitaji kufunga safari ya Nairobi.

Wakati unangoja, tafuta daktari wa mifupa asiyehusika na jeshi aupime mguu huo upya na aandike kazi ambazo huwezi tena kuzifanya: kusimama kwa muda mrefu, kulima, kupanda ngazi. Ukishapata ripoti ya bodi, ilinganishe na hii mstari kwa mstari, kisha uombe mapitio ndani ya jeshi lenyewe ukionyesha tofauti zilipo. Hatua hiyo usiiruke, maana Sheria ya Haki katika Matendo ya Utawala ya 2015 inaitaka Mahakama Kuu isisikilize ombi la mtu ambaye hajamaliza njia za ndani, isipokuwa kwa sababu za kipekee. Mahakama Kuu iko hapo Bungoma, na kama huna uwezo wa kumlipa wakili, ziombe Huduma za Kitaifa za Msaada wa Kisheria zikusaidie. Barua zote uzipeleke kwa mkono au kwa rejista, na nakala yako igongwe muhuri wenye tarehe ya kupokewa, kwa kuwa siku 21 huhesabiwa kuanzia hapo.